Bita ya Pipa: Niliyojifunza Kwenye Kaunta za Pabu za Uingereza

Bia ya bita inayouzwa kutoka kwenye pipa katika pabu za Uingereza haikamiliki kiwandani. Hutoka huko ikiwa na hamira hai ndani yake, huendelea kuchachuka polepole ndani ya pipa, na hukamilishwa na mtu ambaye kwa kawaida mnywaji hamwoni, yaani mtunza mapipa wa pabu, katika chumba chenye ubaridi kilicho chini ya sakafu wanaposimama wateja. Jambo hilo nilielezwa mapema nilipohamia kusini mwa Uingereza kikazi, lakini ilinichukua muda mrefu wa kuonja, kuuliza na kulinganisha kabla ulimi wangu haujaelewa maana yake. Leo naamini kwamba anayekunywa bita anaonja kazi ya watu wawili kwa pamoja, mpishi wa bia na mtunza mapipa, na kwamba asiyejua kuzitenganisha kazi hizo hawezi kuihukumu bia hiyo kwa haki.

Nimekulia Moshi, ambako bia ya kiwandani ni lager yenye rangi ya dhahabu, na mhudumu akishakuuliza kama unataka ya baridi au ya moto amekwisha kuuliza karibu yote yanayohitajika. Bita haimo katika jibu lolote kati ya hayo mawili. Inatakiwa imfikie mnywaji ikiwa na nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi. Rangi yake ni ya shaba au ya kahawia, kileo chake mara nyingi ni kati ya asilimia 3.5 na 4.5, na gesi yake ni ile tu iliyozaliwa na hamira ndani ya pipa, kwa hiyo haichomi ulimi. Mtu anayetarajia imkate kiu kwa baridi kali na mapovu ataiona imedorora, na ndiyo maana wageni wengi huondoka Uingereza wakisimulia kwamba bia ya huko ni ya moto. Lakini kimea na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, havitoi harufu yake katika baridi ya jokofu. Bita iliyopozwa kama lager hubakiwa na uchungu mtupu, kwa sababu vile vinavyouzunguka uchungu huo, harufu ya biskuti, ya ganda la chungwa, ya majani makavu, vyote hujificha.

Mwenye pabu mmoja wa kusini mwa London, mtu aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake, alinikaribisha asubuhi moja kabla ya kufungua mlango ili nione kinachofanyika huko chini. Chumba kilikuwa safi kuliko jikoni za watu wengi, sakafu imeoshwa, mabomba yamesafishwa, na mapipa ya chuma yamelazwa kwa ubavu juu ya vitako vya mbao, yamekwamishwa kwa kabari ili yasitikisike hata kidogo. Pipa lililozoeleka lina galoni 9, ambazo ni karibu lita 41, au painti 72 ikiwa hakuna hata tone linalopotea, na hakuna pipa lisilopoteza kitu. Tumboni mwa pipa, upande ulioelekea juu, kuna kizibo. Mtunza mapipa hukitoboa na kuchomeka kijiti cha mti laini kinachopitisha hewa, na hapo gesi iliyozidi huanza kutoka ikisukuma povu kandokando ya kijiti. Povu hilo hufutwa na kutazamwa, likafutwa tena na kutazamwa tena, mpaka siku au usiku utakapopita na bia itulie. Ndipo kijiti laini hung'olewa na kingine kigumu kisichopitisha hewa huwekwa mahali pake, ili gesi iliyobaki isitoroke. Gesi ikiachwa itoke mno, bia hufa. Ikifungiwa mapema mno, bia hutoka na ukali na povu lisilotulia. Hakuna saa inayomwambia mtu muda kamili. Yule bwana alikuwa akiinama na kulitazama povu, kisha akienda kwenye pipa la pili, na nilipomuuliza alijuaje kwamba la kwanza bado, alinionyesha tu jinsi mapovu yake yalivyokuwa madogo na ya haraka, ilhali ya jirani yake yalikuwa makubwa na mavivu.

Mle chumbani ndimo nilimojifunza jambo ambalo sikulitarajia kabisa, nalo linahusu nyumbani. Hamira ikimaliza kazi yake huielea bia na kuitia ukungu, na ili itue chini ya pipa watengenezaji wengi huongeza kitu kinachotokana na vibofu vya samaki vilivyokaushwa, yale ambayo watu wa Mwanza huyaita mabondo. Protini iliyomo ndani yake ina chaji chanya, chembe za hamira zina chaji hasi, kwa hiyo hushikana, huwa nzito, na kuzama zikawa mashapo. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa vibofu vya samaki wa mito ya Urusi, lakini baadaye vibofu vya samaki wa nchi za joto vilichukua nafasi hiyo, na miongoni mwao wamo sangara wa Ziwa Victoria. Najua kwamba sehemu kubwa ya mabondo yetu huenda China, ambako ni chakula cha thamani kubwa, na kwamba siku hizi wapo watengenezaji wa Uingereza wanaoacha bia yao na ukungu wake ili hata wasiotumia kitu chochote kitokanacho na mnyama waweze kuinywa. Hata hivyo, nilifurahi kwa dhati kufahamu kwamba mng'ao wa bita, ambao Waingereza huuinulia bilauri kwenye mwanga kwa fahari, una historia inayopita kwenye mialo ya wavuvi wa kwetu.

Baada ya bia kutulia, muda huanza kuhesabika. Pampu ya mkono iliyo juu ya kaunta, ambayo imekuwapo tangu mwishoni mwa karne ya 18, haisukumi bia kwa gesi. Inaivuta tu kutoka chini kwa nguvu za mkono wa mhudumu. Kila painti inayovutwa, hewa ya chumba huingia ndani ya pipa kujaza nafasi yake, na hewa hiyo ndiyo rafiki wa siku ya kwanza na adui wa siku ya nne. Mwanzoni huilainisha bia, baadaye huinyang'anya harufu, na mwishowe huigeuza kuwa siki. Watunza mapipa waangalifu huhesabu siku tatu tangu painti ya kwanza, kisha pipa huondolewa hata kama lina kitu ndani yake. Kutokana na hilo nilipata kanuni ambayo imenisaidia kuliko kitabu chochote: kabla ya kutazama majina ya bia, tazama idadi ya pampu na idadi ya wateja. Pabu yenye pampu nane na watu wachache Jumanne jioni inauza bia iliyochoka, hata kama mwenyewe ni mtu mwema na kiwanda kinasifika nchi nzima. Pabu yenye pampu mbili zisizopumzika ndiyo ya kuketi.

Niliithibitisha kanuni hiyo katika mtaa mmoja wa London wenye pabu mbili zinazotazamana, zote zikiuza bita ileile ya kiwanda kilekile. Katika ya kwanza bia ilikuja ikiwa imefifia, haina povu la kushika ukingo, na nyuma ya uchungu wake kulikuwa na ladha ya siagi iliyoyeyuka na uchachu mwembamba uliobaki kwenye mashavu. Ng'ambo ya barabara, bia hiyohiyo ilikuwa na harufu ya mkate uliookwa, utamu mdogo katikati, na uchungu uliokuja mwishoni kwa upole na kukaa. Mtu angenipa bilauri hizo mbili bila kunieleza, ningeapa kwamba zimetoka viwanda viwili tofauti. Tangu siku hiyo nimekataa kutoa hukumu juu ya bita yoyote niliyoinywa mahali pamoja tu, na nikisikia mtu anasema bia fulani ni mbaya, namuuliza kwanza aliinywea wapi.

Mahali ulimi wangu ulipofunguka hasa ni Lewes, mji mdogo wa Sussex uliojengwa juu ya vilima vya chokaa, ambako kiwanda cha Harvey's kimesimama kando ya mto Ouse. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1790, na bita yake kuu, Sussex Best, ina kileo cha asilimia 4. Ukifika siku wanapopika, mji mzima hunukia kimea kilicholowekwa kwenye maji ya moto. Hopsi zake ni za aina nne, zikiwamo Fuggle na Golding ambazo ni za asili katika mashamba ya Kent na jirani zake, na hazina ile harufu ya maembe na mananasi ambayo hopsi za Marekani zimewazoesha vijana. Harufu yake ni ya udongo uliolowa, ya majani ya chai, ya maganda ya chungwa yaliyopikwa na sukari. Painti ya kwanza niliyokunywa pale ilinipita bila kuniambia mengi. Nilipoagiza nusu nyingine, nikainywa polepole, ndipo nilipoona jinsi utamu wa kimea unavyoingia kwanza, jinsi uchungu unavyoukata kabla haujachosha, na jinsi ukavu unaobaki kooni unavyomwomba mtu arudie. Bita haijatengenezwa ili imshangaze mtu kwa tone la kwanza. Imetengenezwa kwa ajili ya jioni nzima ya mazungumzo, na ndiyo maana kileo chake ni kidogo na sauti yake ni ya chini. Mtu anayeionja kwa kijiko kama dawa, akaiandikia alama na kuondoka, hajaionja.

Hapo Lewes nilikumbuka mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, na sioni kitu kingine cha kwetu kinachoifafanua bita vizuri zaidi. Ndizi mbivu zilizochemshwa zina utamu wake, na ulezi uliooteshwa na kusagwa una wake, lakini kinachofanya mbege isichoshe ni gome la msesewe linalotia uchungu. Mbege nayo ni hai, haichujwi ikawa maji matupu, haisubiri wiki, na kila Mchaga anajua kwamba mbege ya mama fulani ni nzuri na ya jirani yake si nzuri ijapokuwa ndizi zimetoka kihamba kimoja. Nilikuwa nimelelewa kati ya watu wanaojua kuuliza pombe imekaa siku ngapi na nani ameitunza. Nilichohitaji ni kulipeleka swali hilohilo kwenye kaunta ya Kiingereza, na kila nilipoliuliza kwa adabu, wahudumu walilijibu kwa furaha.

Burton upon Trent ilinifundisha kuhusu maji. Mji huo wa Staffordshire ulipata jina duniani katika karne ya 19 kwa bia zake za rangi nyepesi, na sababu mojawapo ni kwamba maji ya visima vyake yamepita kwenye miamba ya jasi, yakachukua salfeti ya kalsiamu kwa wingi. Salfeti hiyo huufanya uchungu wa hopsi uwe mkavu na uliokatika vizuri, na miji mingine iliposhindwa kuiga ladha hiyo, watengenezaji walianza kuongeza chumvi hizo kwenye maji yao wenyewe. Bita ya Burton ikimiminwa tu, huweza kutoa harufu ya njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi. Mgeni asiyeambiwa angeirudisha kaunta akidhani imeharibika, kumbe harufu hiyo ni alama ya mahali, na huondoka yenyewe bia ikikaa kidogo kwenye bilauri. Ninasikitika kwamba Marston's, kiwanda cha mwisho kuchachusha bia mjini humo kwa mfumo wa mapipa ya mbao yaliyounganishwa kwa mabomba, kiliuacha mfumo huo mwaka 2024. Seti moja ilichukuliwa na kiwanda cha Thornbridge cha Derbyshire, na huko inafanya kazi, jambo ambalo linastahili shukrani. Lakini bia inayochachushiwa Derbyshire haiwezi kuwa habari ya Burton.

Kaskazini, hasa Yorkshire, kuna suala la povu, na watu huligombania kwa moyo. Kwenye mdomo wa bomba la pampu hufungwa kifuniko kidogo chenye vitundu, bia hulazimishwa kupita humo kwa nguvu, na matokeo yake ni povu zito kama maziwa yaliyopigwa, linaloshuka na bilauri mpaka tone la mwisho. Kusini hawakitumii, na bia yao huja na povu jembamba tu. Nimekunywa kwa njia zote mbili na msimamo wangu ni kwamba kila bia iachiwe desturi ya kwao. Landlord ya Timothy Taylor's, inayotengenezwa Keighley kwa maji ya chemchemi ya kiwanda chenyewe, hulainika na kupata utulivu inapopita kwenye vitundu hivyo. Sussex Best ikifanyiwa hivyo hupoteza makali yake, kwa sababu kifuniko hicho hukusanya sehemu ya uchungu kwenye povu na kuondoa sehemu ya gesi ambayo bia ya kusini inaihitaji. Ni halali kabisa kumwomba mhudumu akifungue, nami nimewahi kuomba mara nyingi.

Bia hii karibu ipotee. Katika miaka ya 1960 makampuni makubwa yalizinunua pabu kwa maelfu na kuzijaza bia ya kegi, iliyochujwa, iliyouawa hamira kwa joto na kusukumwa kwa gesi, kwa sababu bia ya namna hiyo haihitaji mtu anayejua kutazama povu la pipa. Mwaka 1971 vijana wanne wa Kiingereza waliokuwa likizoni Ireland walianzisha chama cha kuitetea bia ya pipa, ambacho leo kinajulikana kama CAMRA, na wanachama wake walizunguka nchi nzima wakiandika ni pabu zipi zinazotunza mapipa vizuri. Ninakubaliana nao katika jambo la msingi, kwamba kilichokuwa kinapotea kilikuwa ujuzi wa watu wa pabu, pamoja na ladha. Hatari hiyo imerudi kwa sura nyingine. Gharama zimepanda, pabu zinafungwa, vijana wanapenda kegi za baridi zenye harufu ya matunda, na pabu inayouza painti chache za bita kwa siku haiwezi kumaliza pipa kabla halijachacha. Mteja mmoja akinywa bita mbovu mara mbili haagizi tena, pipa linalofuata linakaa zaidi, na linaharibika zaidi. Kwa hiyo pabu inayouza kidogo ingefanya vyema kubaki na pipa moja lililotunzwa, au kuagiza mapipa madogo ya galoni 4.5, kuliko kupamba kaunta kwa pampu nyingi.

Kwa Mwafrika Mashariki anayetaka kujaribu, desturi za pabu si ngumu. Huduma ya vinywaji iko kaunta. Usiketi ukasubiri mtu aje. Hakuna foleni inayoonekana, lakini kila aliyesimama pale anajua nani alimtangulia, na ukimwonyesha mhudumu kwamba mwenzako ndiye anayefuata utaheshimiwa. Painti ni mililita 568, na hakuna aibu yoyote kuagiza nusu. Unaweza kuomba kuonja kidogo kabla ya kununua, jambo ambalo pabu nzuri hukubali bila kunung'unika. Ikiwa bia ina uchachu wa siki au imekuwa na ukungu ambao mhudumu mwenyewe hakuutaja, irudishe mapema kabla hujaifikisha nusu, sema kwa utulivu kwamba unadhani pipa limefika mwisho, na mara nyingi utabadilishiwa bila swali. Nilipoona wazee wa Kiingereza wakifanya hivyo kwa upole, na mhudumu akishukuru na kwenda kulikagua pipa, nilitambua kwamba mteja naye ana kazi katika utunzaji wa bia hii. Anayenyamaza na kuacha bilauri imejaa juu ya meza amemnyima mtunza mapipa habari aliyoihitaji.

Pabu ninayoipendekeza kwa yeyote anayetaka kuona mambo haya yote yakikutana iko Brierley Hill, magharibi ya Birmingham, katika eneo lililokuwa la makaa na chuma. Inaitwa The Vine, na juu ya uso wake wamechora kwa herufi kubwa maneno ya Shakespeare yanayombariki mtu anayetengeneza bia njema. Kiwanda cha familia ya Batham kipo nyuma ya ukuta wake, kwa hiyo bia haina safari ya kuzungumzia. Haiuzi aina nyingi. Watu wengi humo huagiza bita ya kiwanda hicho, ambayo ina rangi nyepesi kuliko nyingi za aina yake na kileo cha asilimia 4.3, huanza na utamu unaoweza kumdanganya mgeni, kisha hopsi hufika zikiwa zimechelewa kidogo na kuifunga ladha kwa ukavu ulio safi. Nilipofika ilikuwa Jumamosi mchana, vyumba vimejaa, wazee wakila mikate ya nyama kwa painti zao, na mkono wa mhudumu haukuacha mpini wa pampu kwa zaidi ya dakika moja. Nilimuuliza pipa hukaa muda gani siku kama ile. Alinijibu kwamba lililofunguliwa asubuhi lilikuwa limekwisha kabla sijafika.